Kijana Mwenye Daftari

Kiambi si mji mkubwa. Ni mahali ambapo mto Luvua, ukiisha kutoka ziwa Mweru na kushuka kwa makelele katika maporomoko ya mawe, hutulia na kukubali kubeba vyombo mpaka Ankoro, unapoingia katika Lualaba. Watu wetu ni wakulima na wavuvi. Wengine huenda Manono kuchimba madini. Mgeni akifika kwetu, habari zake zajulikana kabla hajatua mzigo wake.

Ndivyo ilivyokuwa wakati wa kiangazi, alipotufikia kijana mmoja mwanafunzi wa uganga, yaani anayejifunza kuwa daktari. Alikuwa karibu kumaliza masomo yake. Alitumwa kufanya mazoezi ya kazi katika hospitali, na pamoja na hayo aandike uchunguzi. Maana mwanafunzi wa namna yake hutakiwa, kabla ya kupewa shahada, kuandika kitabu kidogo juu ya jambo alilolichunguza mwenyewe. Jambo lake lilikuwa hili: kwa nini akina mama wanaozaa kwa shida hufika hospitalini wamechelewa?

Alituomba sisi walimu tumsindikize vijijini, kwa kuwa hakujua Kiluba vizuri. Tulikubali kwa furaha, nasi tulijiona kuwa watu wa maana. Lakini katika nyumba ya kwanza tu tulipata somo ambalo hatukulitazamia.

Mwenye nyumba hiyo ni mama mzee, ambaye watu wote humwita Nkambo, kama tunavyowaita bibi na babu zetu huku. Kijana alimwamkia kwa heshima, akaketi juu ya kigoda, akafungua daftari lake. Nkambo aliliangalia daftari kabla ya kumwangalia mwenye daftari. Kisha akasema:

“Mjukuu wangu, wewe ni wa nne. Wa kwanza aliandika majina yetu. Wa pili alihesabu vyandarua. Wa tatu aliwapima watoto mikono kwa utepe wenye rangi. Wote waliandika, wala hakuna aliyerudi kutuambia aliandika nini. Wewe nawe utaandika. Halafu?”

Kijana alinyamaza. Sisi pia tulinyamaza, maana neno la mzee lilikuwa neno la haki. Na swali hilo moja, “Halafu?”, ndilo lililotufanya tushike kalamu leo, wasomaji wapenzi, tufikiri pamoja nanyi. Je, mtu wa elimu akija nyumbani kwako na maswali yake, yafaa kumjibu? Naye ana deni gani kwako akiisha kujibiwa?

WAZEE WALIJUA, VIJANA WAKAPIMA

Tuanze na jambo lililotukia katika jimbo la Maniema, jirani yetu. Kila mtu wa nchi hii amjua kimputu, mdudu yule ambaye watu wa pwani humwita papasi. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na za kuta za udongo. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala, kisha hurudi katika maficho yake. Tangu zamani wazee walisema kwamba kimputu huleta homa, ile inayopanda, ikashuka, ikarudi tena baada ya siku chache. Msafiri Livingstone aliandika habari za mdudu huyo na ugonjwa wake katika kitabu chake cha mwaka 1857. Lakini wenye elimu walikuwa hawajathibitisha jambo hilo.

Mwaka 1903 chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool, katika Uingereza, kiliwatuma Kongo waganga vijana, na miongoni mwao walikuwamo Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd. Hawakuyadharau maneno ya wazee. Waliwakusanya vimputu, wakawatia juu ya nyani, wakachungulia damu kwa darubini ya vidudu. Wakaona kwamba kweli kimputu ndiye anayeipeleka homa kutoka mwili mmoja mpaka mwingine. Tena hata watoto wa kimputu, waliotoka katika mayai yake, waweza kuipeleka. Katika kazi hiyo wote wawili walishikwa na homa ile ile waliyoichunguza. Todd alipona. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, naye alikuwa na umri wa miaka 30 tu.

Tazameni basi jinsi maarifa yalivyopatikana. Wazee walikuwa na ushuhuda. Vijana walikuwa na darubini. Ushuhuda bila kipimo ungalibaki maneno ya jioni motoni. Darubini bila ushuhuda isingalijua mahali pa kuchungulia. Siku hizi mama anayesiri sakafu yake na kuziba nyufa za ukuta afuata hekima ya wote wawili.

HABARI YA NKAMBO

Turudi Kiambi. Kijana alipopata kauli, alijibu hivi: “Nkambo, sitakudanganya. Mimi ni mwanafunzi tu, sijui kama wakubwa watanisikiliza. Naweza kuahidi jambo moja: kabla sijapewa shahada yangu nitarudi hapa, niwasomee nilichoandika.” Nkambo alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akavuta mkeka wake karibu, akaanza kusema.

Alisema habari za binti yake. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Uchungu ulianza jioni. Mume alikuwa Manono katika machimbo. Wakubwa wa upande wa mume walisema wamngoje kwanza ndugu wa mume, maana fedha zi mkononi mwake, wala si desturi kumwondoa mke wa mtu bila idhini. Wengine walinong’ona kwamba uchungu mzito ni dalili ya kosa lililofichwa, mwanamke aungame kwanza ndipo mtoto atoke. Usiku ukapita hivyo.

Asubuhi ndugu wa mume alikuja, akakubali. Lakini mtumbwi ulikuwa ng’ambo ya pili, na mwenyewe alikuwa ameenda kutega samaki. Walipouvuka mto walimbeba mgonjwa kwa machela, njia ndefu, jua likiwaka. Walifika mahali pa matibabu giza likiingia. Hatupataji mahali hapo, wala hatusemi ili kumshitaki mtu. Walimkuta mhudumu mmoja tu, amechoka, hana taa ya kutosha. Aliwaomba kwanza wakanunue glavu na maji ya kutia katika mshipa. Walipozipata, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Mama alizaa, akaanza kutokwa na damu, wala hapakuwa na damu ya kumwongezea. Kabla ya jogoo kuwika alikata roho.

Kijana aliacha kuandika. Nkambo akamwambia, “Mbona umeacha? Andika.”

KUCHELEWA MARA TATU

Jioni ile, tukirudi kando ya mto, kijana alitueleza jambo ambalo alilisoma chuoni. Mwaka 1994 wanawake wawili wachunguzi, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walionyesha ya kuwa mama anayekufa kwa uzazi huwa mara nyingi amecheleweshwa mara tatu. Kwanza, huchelewa nyumbani, watu wakishindwa kukata shauri. Pili, huchelewa njiani, kwa ajili ya umbali, mto, mvua na ukosefu wa chombo. Tatu, huchelewa hospitalini penyewe, baada ya kufika, kwa kuwa mtu, dawa au damu haipo, au fedha yadaiwa kwanza.

Tulishangaa. Nkambo hakusoma kitabu hicho, lakini alikuwa ameyasema yote matatu kwa utaratibu ule ule, kwa maana yalipita mbele ya macho yake.

Wala si jambo dogo. Uchunguzi uliofanywa katika Kongo nzima mwaka 2013 na 2014 ulikadiria kwamba, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 846 walikufa kwa ajili ya uzazi. Na hesabu hiyo ilipatikanaje? Wanawake waliulizwa nyumbani kwao juu ya dada zao waliozaliwa nao tumbo moja: wangapi wazima, wangapi wamekufa, na kama walikufa katika mimba au katika kuzaa. Kila tarakimu katika hesabu ile ilianza na mwanamke aliyekubali kumtaja dada yake marehemu mbele ya mgeni mwenye karatasi.

Tujue tena kwamba mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika muda wa saa mbili tu. Mwenye saa mbili hawezi kumngoja shemeji, wala mvuvi, wala mwenye duka la glavu.

USEME HATA LILE LILILO CHUNGU

Hapo wengine watasema: “Habari za nyumbani na za njiani tutazitoa. Lakini ya hospitali, nani athubutu? Kesho nitaugua mimi, watanikumbuka.” Twaielewa hofu hiyo. Lakini sikilizeni habari ya Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu.

Mwezi wa Septemba 1976 watu walianza kufa huko kwa homa ambayo hakuna aliyeijua. Serikali ilimtuma Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyemaliza masomo ya uganga katika chuo kikuu cha Lovanium mwaka 1969. Aliwapima wagonjwa, akatoa damu zao bila glavu, maana hazikuwapo. Damu ikamtapakaa mikononi, naye akanawa kwa maji na sabuni. Alirudi Kinshasa pamoja na sista mmoja aliyekuwa mgonjwa. Damu ya sista huyo ilipelekwa Antwerp, katika Ubelgiji, na humo kikaonekana kirusi ambacho hakijaonekana bado. Ndicho tunachokiita leo Ebola. Wachunguzi walichagua jina la mto, ili kijiji cha Yambuku kisibebe aibu ya jina hilo daima.

Kisha wachunguzi walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: nani aliugua, lini, alikuwa wapi kabla yake, nani alimwuguza, nani alimwosha maiti? Majibu yalipokusanywa, ukweli mchungu ukatokea. Wengi wa wagonjwa wa kwanza walikuwa wamechomwa sindano katika hospitali ya misioni, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wajawazito waliokwenda kupimwa mimba. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano tu kwa kazi ya siku nzima, zikatumika kwa mtu baada ya mtu. Hapakuwa na nia mbaya. Masista na wauguzi wenyewe walikufa pamoja na wagonjwa wao. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Lakini lau wanavijiji wangalificha neno la sindano kwa kuwaheshimu masista, hatari ya sindano hizo isingalijulikana upesi.

Kwa hiyo, ndugu, kumjibu mchunguzi kwa kweli si kuisengenya hospitali. Ni kuitibu. Hata hospitali yaweza kuugua, nayo hujua maumivu yake kwa kinywa cha mgonjwa.

KILICHOTOLEWA KIMERUDI

Mwaka 1995 Ebola ilitokea tena katika Kikwit. Muyembe alikuwapo tena. Wagonjwa wanane walitiwa damu ya watu waliokwisha kupona, na saba kati yao walipona. Jambo hilo peke yake halikutosha kuwa ushahidi kamili, na wenye elimu wengi walisitasita. Baada ya miaka kumi na moja, mtu mmoja aliyepona Kikwit alikubali kutoa damu yake ichunguzwe. Katika damu hiyo zilipatikana askari wa mwili zinazokishinda kirusi, na kwazo ikatengenezwa dawa. Ilijaribiwa katika mashariki ya Kongo mwaka 2018 na 2019, wakati wa maradhi makubwa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikawa moja ya dawa mbili zilizoonekana bora kuliko nyingine. Mwezi wa Desemba 2020 ilikubaliwa rasmi Marekani.

Mtu wa Kikwit alitoa damu. Baada ya miaka mingi watu wa Beni walipata dawa. Hilo ndilo jibu zuri la swali la Nkambo. Lakini tusimfiche mtu: si kila mara jibu limekuwa zuri hivyo.

Katika Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani, tangu mwaka 1932 mpaka 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa na waganga wa serikali. Waliambiwa kwamba wanatibiwa, kumbe waliachwa bila dawa ili watazamwe jinsi ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kujulikana. Hao nao waliandikwa katika daftari. Daftari lisilo na upendo laweza kuwa kaburi. Kwa ajili ya maovu ya namna hiyo, mataifa yamejiwekea sheria za uchunguzi. Chama cha waganga wa dunia kilitoa tamko lake Helsinki mwaka 1964, ya kwamba afya ya mtu anayechunguzwa hutangulia faida ya elimu.

DENI LA PANDE MBILI

Basi, jamaa zetu, tukusanye mafundisho. Mchunguzi akibisha hodi kwako, unayo haki ya kumwuliza maswali yako kabla ya yeye kuuliza yake. Nani amekutuma? Wataka kujua nini? Jina langu litaandikwa? Damu yangu mwaipeleka wapi? Nikikataa, je, nitanyimwa matibabu? Akijibu kwa uwazi, umsikilize. Akikasirika, au akikuharakisha utie dole katika karatasi usiyosomewa, umwage kwa amani. Kukataa si uasi.

Lakini ukikubali, sema kweli. Usimpe jibu la kumpendeza, wala usifiche desturi ya nyumbani kwa kuona haya. Mzee anayesema “sisi hatumcheleweshi mgonjwa kamwe,” na hali kila mwaka wazika, amdanganya mwanafunzi kidogo, lakini awadhulumu binti zake sana.

Na ninyi vijana mnaojifunza uganga, mnalo deni kubwa zaidi. Usiingie nyumba ya mtu kwa haraka kama mtoza kodi. Jifunze kumsikiliza mwenye kusema polepole. Usimcheke anayetaja uchawi. Uliza aliona nini kabla ya kutaja hivyo. Tena rudi. Kitabu chako kikilala katika kabati la chuo kikuu, hakimfai mwenye mimba wa Kiambi. Karatasi moja iliyosomwa chini ya mwembe, kwa lugha ya watu, yafaa kuliko kurasa mia zenye jalada zuri.

Wala tusingoje kitabu kiishe ndipo tuanze. Mwaka 2023 serikali yetu ilianza Kinshasa mpango wa kuzaa bila malipo, na twautakia heri ufike hata vijiji vya mwisho vya mto. Lakini yako mambo yasiyohitaji serikali. Mwenye mke mjamzito akisafiri, aache neno mbele ya mashahidi: “Uchungu ukianza, apelekwe; msiningoje.” Fedha kidogo iwekwe mapema mahali ambapo mama mwenyewe aweza kuipata. Wenye mitumbwi wapeane zamu, mmoja alale upande wetu wa mto. Watu wawili au watatu wa ukoo wawe tayari kutoa damu ikihitajiwa. Na yule anayemwambia mwanamke katika uchungu wake aungame kosa, anyamaze. Aliye hatarini ahitaji machela, si mashitaka.

Kijana wetu alikaa nasi mpaka mvua za kwanza. Siku ya kuondoka alikwenda kumwaga Nkambo, nasi tulikuwapo. Mzee alimpa mfuko wa karanga, akauliza kama daftari limejaa. Kijana alisema limejaa.

“Imebaki nafasi ya mstari mmoja?”

“Imebaki, Nkambo.”

“Basi andika hivi: mzee aliuliza utarudi lini.”

Kijana alifungua daftari juu ya goti, akaandika, akamsomea. Nkambo akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha kijana akapanda baisikeli, akashika njia.

Mpaka leo tunapoandika haya hajarudi bado, wala muda wake haujapita. Tunamngoja. Nasi twaomba kila mwanafunzi wa uganga atakayesoma ukurasa huu atazame katika daftari lake mwenyewe, kama hakuna mahali anapongojwa.